Baiskeli ya Kumfuata Galen

Nadine Unruh hakuwa mtu wa baiskeli. Maisha yake yote ya kazi alisimama jikoni katika shule ya mji wetu, akipika maharagwe ya nyama na pilipili na kuoka mikate ya mdalasini ya kulia maharagwe hayo, na jioni alirudi nyumbani miguu imemvimba, akavua viatu mlangoni, akasema hataki kuona kitu chochote kinachohitaji magoti. Mimi ni jirani yake. Nyumba yao na yetu zinatenganishwa na shamba moja la ngano, na tangu tulipoolewa, yeye mwaka mmoja na mimi uliofuata, halikupita juma bila mmoja wetu kuvuka kwenda kwa mwenzake.

Mwenye baiskeli alikuwa mumewe, Galen. Huyu aliendesha greda la kaunti tangu ujana mpaka alipostaafu. Barabara zetu nyingi ni za changarawe, zimenyooka na kukatana kila maili moja kama miraba ya ubao wa drafti, na hakuna hata moja ambayo Galen hakuikwangua na kuisawazisha kwa mkono wake. Jumapili, baada ya kanisa na chakula cha mchana, wanaume wengine walipolala, yeye alipanda baiskeli yake kuukuu ya chuma akaenda kuzitazama. Wazee wanaokaa kunywa kahawa penye ghala la nafaka hawakumwacha apite hivihivi.

"Galen! Unakwenda kukagua makosa yako?"

"Nakwenda kuona trekta la nani limeyafanya," anawajibu bila kusimama. "Nikikuta ni lako, Leroy, utasawazisha kwa kijiko."

Ndivyo alivyokuwa. Maneno machache, mzaha mkavu, na mkono mmoja hewani kumsalimu kila mwenye gari.

Ugonjwa ulianza kwa vitu vidogo ambavyo sote tulivicheka, kama vile miwani kwenye jokofu. Kisha ikaja Jumapili moja ya Oktoba, jua likashuka na Galen hajarudi. Tulimpata kwenye shamba alikozaliwa, shamba ambalo baba yake aliliuza Galen akiwa bado shuleni. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele, amevua viatu, akimuuliza mwenye nyumba kama ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Yule mama, ambaye hakumjua hata kwa jina, alikuwa amempa kahawa na kumfunika blanketi mabegani.

Daktari alisema ni ule ugonjwa wa kusahau, ambao ukishaanza haurudi nyuma. Binti yao Joleen alikuja kutoka Denver, akakaa siku mbili tatu, na kabla ya kuondoka akamwambia mama yake:

"Mama, ifiche hiyo baiskeli. Safari hii kakaa kwenye ngazi za mtu. Safari nyingine atakaa katikati ya barabara kuu."

Nadine akaifungia bandani kwa kufuli.

Niliyaona yaliyofuata kwa macho yangu, kwa kuwa dirisha la jikoni kwangu linatazama uwanja wao. Kila asubuhi Galen alikwenda akasimama mbele ya mlango wa banda, kashika kufuli, kama ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa. Hakupiga kelele wala hakuvunja kitu. Alisimama tu mpaka Nadine alipokwenda kumshika mkono. Akaacha kula. Suruali zikaanza kumpwaya.

Siku moja ya Machi Nadine alivuka shamba akaja kwangu, akakaa mezani bila kuvua koti.

"Jana ameniuliza, 'Nadine, nimefanya nini?'" akasema. "Anadhani nimemfunga kwa kosa, Twila. Anataka aniombe radhi, lakini hakumbuki kosa lenyewe."

Nikammiminia kahawa, hakuigusa.

"Kesho una kazi?"

"Sina. Kuna nini?"

"Nipeleke nikanunue baiskeli."

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Baiskeli ya nani?"

"Yangu."

"Na magoti?"

"Magoti yatajijua."

Duka la kwanza lilikuwa lile kubwa la mjini lenye kila kitu, kuanzia soksi mpaka mashua. Kijana wa pale alimtazama Nadine, akayatazama magoti yake, akatupeleka moja kwa moja pembeni.

"Bibi, hii ndiyo yako. Matairi matatu, na kikapu nyuma. Hata ukisinzia haianguki."

"Ni nzuri," Nadine akasema. "Sasa, mwanangu, mume wangu akikata kona akaingia kwenye malisho ya ng'ombe, hicho kikapu kitamkimbilia?"

Kijana akacheka kidogo, halafu akaona kwamba Nadine hacheki. Tukatoka.

Tukaenda mashariki, kwenye ule mji ulio ukingoni mwa vilima vya majani, ambako kila mwaka waendesha baiskeli hutoka pande zote za dunia kuja kuteseka kwenye changarawe zetu kwa hiari yao. Ilikuwa majira ya kuchoma malisho, moshi umetanda kila upande na gari zima likanuka majani yaliyoungua. Mwenye duka aliitwa Shauna, mwanamke wa mabega mapana, vidole vyeusi kwa grisi. Alimwacha Nadine azunguke kwanza, ashike hiki na kile, bila kumfuatafuata.

"Hii nyembamba?" Nadine akauliza.

"Hiyo ni ya lami, mama. Nyepesi, inakimbia kama sungura. Lakini mawe ya gumegume ya barabara zetu yana makali kama visu. Utaondoka umeipanda, utarudi umeibeba."

"Na ile yenye matairi kama ya trekta?"

"Ile ya milimani. Itapita kila mahali. Ila ukikutana na upepo wa huku, utadhani unaendesha kochi."

Nadine akatikisa kichwa. "Mume wangu hangoji makochi."

Ndipo Shauna akashusha ukutani moja iliyokuwa katikati ya hizo mbili, akaiweka mbele yetu. Akaeleza kwamba hii ni ya barabara zote. Lami inakwenda, changarawe inakwenda, na njia ya ng'ombe pia ikibidi. Matairi yake ni mapana lakini si mazito, na ndani hayana mpira mwingine bali maji mazito kama maziwa. Jiwe likitoboa, maji yanakimbilia tundu na kuliziba. "Si kila tundu," akasema. "Mengi." Gia yake ya chini kabisa ni laini, ya kupandia kilima polepole bila kuyalilia magoti.

"Sasa niambie, utaendesha wapi hasa? Nikijua hilo nitakuchagulia vizuri."

"Popote atakapokwenda mume wangu."

"Naye huwa anakwenda wapi?"

"Siku hizi hata yeye hajui," Nadine akasema.

Shauna alichukua kitambaa akafuta vidole vyake kimoja kimoja, na kwa jinsi alivyofuta nilijua kuna mtu wake pia mwenye ugonjwa ule. Alipozungumza tena, sauti ya muuza duka ilikuwa imemtoka.

"Kuna zenye mota," akasema. "Magoti yako yangeshukuru."

"Nitampita?"

"Ukitaka, utampita."

"Basi hapana. Sitaki kumpita. Nataka kuwa nyuma yake."

Shauna aliufungua usukani uliopinda kama pembe za kondoo akafunga mwingine ulionyooka. "Hao wa mashindano wanainama kuukwepa upepo," akasema. "Wewe unahitaji kuinua macho umwone." Akateremsha kiti mpaka nyayo za Nadine zikagusa chini. Kisha akatupeleka kwenye kichochoro cha nyuma, chenye changarawe, ili Nadine aijaribu.

Nadine alikwenda hatua chache akipepesuka, akapiga ukelele, akaingia ndani ya kichaka cha jirani, baiskeli na mtu wake. Nikakimbia. Nilimkuta amelala chali, majani kwenye nywele, anacheka na machozi yanamtoka, sikujua lipi lilitangulia.

"Usinione, Twila."

"Nimeshakuona."

"Basi usimwambie Leroy."

Akainuka, akapanda tena. Mara ya tatu alifika mwisho wa kichochoro na kurudi. Kulikuwa na rangi mbili, kijivu na ile ya chungwa kali kama malenge. Mimi nilipenda kijivu. Yeye alichukua ya chungwa, akasema Galen akigeuka nyuma aone kwamba kuna mtu.

Alijifunza kwenye uwanja wa shule mchana, wakati Galen amelala, mimi nikibaki kumlinda nyumbani. Asubuhi aliyofungua lile kufuli nilikuwepo. Galen alitoka na baiskeli yake, akaminya matairi kwa kidole gumba, kisha akamwona mkewe amesimama na ile ya chungwa, kofia ngumu kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja nawe."

Alimtazama kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha Agosti. "Kweli?"

"Kweli, Galen."

Miezi ile ilikuwa ya neema, kadiri neema inavyoweza kuwepo ndani ya jambo kama lile. Galen alianza kula tena. Nadine alichomwa na jua mikono mpaka kwenye mstari wa mikono ya blauzi. Aliniambia kwamba barabarani mumewe alikuwa akirudi kuwa yule yule. Alimwelekeza apite kwenye alama za magurudumu ya magari, palipogandamana, asiende kandokando kwenye mchanga laini. Alimwonyesha mahali alipomwaga mawe ya chokaa baada ya mafuriko, na kona ambako greda lilizama na kulala matopeni. Jina la mjukuu lilikuwa limemtoka, lakini kila kalvati alilijua. Tabu ilikuwa kwenye njia panda. Alisimama, mguu mmoja chini, akatazama njia nne zilizofanana, na uso wake ukaanza kuingiwa na hofu. Nadine hakumwambia pinda huku wala kule. Alimuuliza, "Upepo unatoka wapi leo?" Hilo Galen hakulisahau. Aliinua uso akausikiliza upepo, na kutokana na upepo akaijua kusini, na kutokana na kusini akaijua nyumbani.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, walisimama siku moja juu ya daraja la chuma kula mkate na soseji. Galen alikula, kisha akamgeukia Nadine kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgeni.

"Wewe mama unaendesha vizuri."

"Asante," Nadine akasema. Alidhani ni mzaha wake.

"Mke wangu hapendi baiskeli. Nilikuwa nikimwomba zamani, Jumapili. Nikaacha."

Nadine aliniambia kwamba aliuweka mkate chini.

"Mwombe tena," akamwambia. "Pengine sasa atakubali."

"Hapana, anachoka. Anasimama jikoni kutwa." Galen akatazama maji. "Lakini nikifika pale juu ya kilima huwa nageuka nyuma. Upumbavu tu. Nageuka kuona kama labda siku hiyo kaamua kunifuata."

Ukafika wakati hakumtambua kabisa wanapokuwa nje. Nyumbani, jikoni, alikuwa Nadine. Akivaa kofia na kupanda ile ya chungwa, alikuwa yule mama wa barabarani. Na Galen alikuwa mtu mwaminifu. Asubuhi moja alisimamisha baiskeli getini akamwambia, uso umemwiva kwa haya:

"Mama, usinielewe vibaya. Sisi watu wazima. Lakini naona kila siku tuko pamoja, na watu wa hapa wana midomo. Mke wangu hatapenda. Naomba uende njia yako."

"Mimi ndiye mkeo, Galen."

Alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa, akaondoka.

Nadine alikuja kunieleza, na tulikaa pale bila kujua tulie au tucheke. Nilimwambia akae mbele ya macho ya Galen bila kofia, amlazimishe kukumbuka. Akasema kumlazimisha kunamtia hofu, na hofu humharibia siku nzima. Akakata shauri kumfuata kwa mbali, kilima kizima nyuma yake, ili heshima yake isiguswe. Galen akigeuka juu ya mwinuko, Nadine husimama na kujifanya anatazama maua ya kandoni. Ilikuwa kama kumchunga paa. Alifanya hivyo Septemba yote.

Oktoba mvua zilinyesha magharibi. Kuna kivuko kimoja bondeni, bamba la zege tu ambalo kijito hupita juu yake kikijaa. Galen mwenyewe, alipokuwa kazini, ndiye aliyekuwa akiweka kizuizi pale siku za maji. Siku ile maji yalikuwa yamepungua, yameacha utelezi wa kijani. Alishuka kilima kama kawaida yake, bila breki. Nadine alikuwa bado upande wa pili wa mwinuko. Alipofika juu aliona gurudumu linazunguka hewani na hakumwona mtu.

Alimkuta amekaa majini, maji yanampita kiunoni, mguu mmoja umegeuka vibaya. Alikuwa na akili yake ya barabarani, mtulivu, midomo ya bluu. Alimtambua yule mama.

"Afadhali umekuja," akamwambia. "Nilikufukuza, na bado umekuja."

Nadine alijaribu kumvuta. Galen alipiga yowe, Nadine akaacha. Akamkunjia koti mgongoni, akamwegemeza kwenye jiwe. Simu haikushika mle bondeni, ni lazima upande mpaka juu. Alisimama pale kati ya kumwacha na kutomwacha, na Galen ndiye aliyempa ruhusa.

"Nenda kwetu," akasema. "Nyumba nyeupe, inayofuata baada ya ile yenye shamba la ngano. Mwulize Nadine. Mwambie asinisubiri, ale tu, chakula kitapoa."

"Nitamwambia."

"Mwambie pole pole. Ana moyo mwepesi."

Nadine alipanda kile kilima kwa ile gia ya chini kabisa. Hakushuka hata mara moja, yeye ambaye ngazi za kanisa zilimshinda. Juu alipiga simu, akaniita mimi baada ya gari la wagonjwa, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayeagiza unga. Kisha akageuza baiskeli akarudi chini. Nilipofika niliwakuta wote wawili ndani ya maji, Nadine kamkumbatia kwa nyuma, na Galen anamweleza habari za mkewe.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Waliiunga hospitalini, lakini mtu wa namna ile ukimlaza kitandani, vilivyobaki kichwani humwagika kwa haraka. Joleen alifika usiku ule ule, akasimama kwenye korido, akamwambia mama yake maneno mbele yangu.

"Nilikwambia uifiche. Nilikwambia, Mama!"

Nadine hakujitetea. Alisema tu, "Ndiyo, ulisema." Nilitaka kuingilia, akaniwekea mkono kifuani.

Galen hakutembea tena. Walimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akakaa huko majira ya baridi, mikono juu ya blanketi imeshika kitu kisichokuwepo, wakati mwingine greda, wakati mwingine usukani. Nadine alikwenda kila siku. Mwanzoni alimvalia ile kofia, kwa tumaini kwamba kama hamjui mke atamjua yule mama. Galen hakumjua hata mmoja wao. Februari mapafu yalijaa maji, akafa asubuhi moja ya theluji nyepesi, na kaburi lilichimbwa kwa mashine kwa sababu ardhi ilikuwa kama chuma.

Baada ya maziko tulikula kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kama desturi yetu, mikate ya siagi na jibini na kahawa. Watu walipotawanyika, Joleen na mama yake walisimama kwenye sinki, mmoja anaosha na mmoja anafuta, nami nakusanya vikombe.

"Alikuwa anasema nini huko barabarani?" Joleen akauliza, bila kumtazama.

Nadine akamweleza. Makalvati, upepo, maneno ya darajani. Alipofika kwenye Galen kugeuka nyuma juu ya kilima, Joleen akaiweka sahani chini.

"Mimi hakuniomba."

"Alikuomba. Ulikuwa mdogo. Ulisema unatazama televisheni."

Joleen akafunika uso kwa kile kitambaa cha vyombo. Nadine alimwacha alie, kisha akamshika kisogoni kwa mkono uliolowa maji ya sabuni, wakakaa hivyo. Maneno ya koridoni hayakurudiwa tena kati yao, wala kuombewa msamaha.

Baiskeli ya chungwa aliichukua Joleen akaenda nayo Denver. Nadine hakupanda nyingine. Goti la kulia lilipasuliwa mwaka uliofuata, na sasa anatembea na fimbo mpaka kwangu, kwa kuzunguka barabarani, maana shamba limemshinda.

Juzi alikuwa hapa. Tulikuwa tumemaliza kumenya maapulo, na hatukuwa tunaongea habari za Galen hata kidogo.

"Nilikuwa nimechoka, Twila," akasema ghafula. "Zile Jumapili. Nilikuwa nimechoka kweli."

"Najua."

"Si kwamba nilitafuta kisingizio."

"Hukutafuta, Nadine. Nilikuwa naiona miguu yako."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza, upande wake na upande wangu, na mimi nikainua mikono ili apite.